Jinsi ya kuunda timu ya fani tofauti kushughulikia shida ngumu ya mtaa: mfano wa visima vya Manyatta

Vijana wa vikundi, wanafunzi wa atachimenti na hata watu wanaoanza kazi kwa NGO huku Kisumu wanauliza maswali yale yale kila mara. Tuna shida mtaani imeshinda kila mtu, tuanzie wapi? Lazima tuwe na profesa? Injinia na daktari watakubali kukaa na sisi kweli? Nimeona niandike yote mahali pamoja ndio ukiulizwa na mwenzako umtumie tu.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho, visima vya Manyatta na Nyalenda, mitaa ya hapa Kisumu. Kama umeishi huko unajua, kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono, choo cha shimo hapo karibu, mvua ikinyesha maji ya ardhini yanapanda na watoto wanaanza kuharisha. Ukiangalia haraka utasema hii ni shida ya daktari. Lakini choo ni cha mwenye ploti, kisima ni biashara, mpangaji hana usemi, bomba la maji halijafika kila mahali na udongo nao una mambo yake. Hakuna fani moja inaweza kumaliza hiyo peke yake. Hatua ni hizi hizi hata kama shida yako ni mafuriko ya Nyando, takataka za Gioto kule Nakuru ama kayongo (lile gugu la striga linalonyonya mahindi) kwa mashamba ya Siaya na Vihiga.

Kitu kimoja ukishike kabla hatujaendelea. Kuweka watu wa fani tofauti kwa meza moja haitoshi. Timu inafanya kazi pale ambapo alichopata mmoja kinabadilisha kazi ya mwenzake. Nesi akileta takwimu zake, alafu injinia aondoke na mchoro ule ule aliokuja nao, hapo mmekuwa na mkutano tu. Kila hatua hapa chini ipime na hiyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Watu wawili au watatu wanaoishi na hiyo shida kila siku na wana muda. Nasema wanaoishi nayo, si viongozi wao.
- Baraka ya chifu au naibu wake na mzee wa mtaa. Barua fupi yenye stempu inatosha. Bila hiyo siku ya kwanza mtaulizwa nyinyi ni nani mpaka jua lizame.
- CHP wa eneo hilo, wale wahudumu wa afya ya jamii ambao serikali iliwapa vifaa mwaka 2023. Huyu anajua kila mlango na nani yuko nyuma yake.
- Manila pepa, kalamu za maka, daftari na simu yenye GPS.
- Pesa kidogo ya nauli na chakula, na makubaliano yaliyoandikwa kuhusu hiyo pesa.
- Muda. Jipe miezi sita kwenda juu, na uone kiangazi na pia mvua. Shida ya maji ukiiangalia Januari peke yake utapata jibu la Januari.
- Kama mtashika pesa za watu, sajilini kikundi kwa ofisi ya huduma za jamii chini ya ile sheria ya vikundi ya 2022.

Ofisi, logo na fulana za kuprinti si lazima. Nimeona vikundi vimemaliza pesa yote hapo.

Hatua ya 1: Andika shida kwa sentensi moja, bila dawa ndani yake

Hapa ndio wengi wanaharibikia. Mtu anaandika "shida yetu ni ukosefu wa vyoo vya kisasa". Hiyo si shida, hiyo ni dawa umeshachagua, na ukishaandika hivyo fundi wa vyoo ndiye ataitwa peke yake. Andika kile kinachoumiza watu: "Watoto chini ya miaka mitano kwa ploti za nyuma ya soko wanaharisha sana mvua ikianza." Nani, wapi, lini. Ukishindwa kujaza hayo matatu, bado hujaijua shida, rudi ukaulize.

Hatua ya 2: Tembea mtaani kabla hujaita mtaalamu yeyote

Zunguka na wale wenyeji wako asubuhi na tena jioni. Angalia nani anateka maji, anateka ya nini, mtungi wa lita 20 ni pesa ngapi leo na ulikuwa ngapi wakati wa kiangazi, choo kiko upande gani wa kisima, maji ya mvua yanaelekea wapi. Uliza watoto pia, wanajua ni kisima gani wamekatazwa na wanakunywa tu.

Usibebe fomu ndefu ya maswali siku hiyo. Watu wa huku wamehojiwa na kila mtu miaka nenda miaka rudi, wakiona klipbodi wanakupa majibu ya klipbodi. Andika baadaye ukifika nyumbani.

Hatua ya 3: Orodhesha maswali kwanza, watu baadaye

Wanaoanza wanaandika vyeo: profesa mmoja, daktari mmoja, injinia mmoja, mwakilishi wa vijana. Geuza. Andika maswali yaliyotoka kwa ile matembezi, kila swali mstari wake, ndio uulize nani anaweza kulijibu.

Uchafu unaingia kisimani kupitia wapi? Hiyo ni mtu wa maji na udongo. Ni watoto wangapi wameletwa zahanati na kuharisha mwezi kwa mwezi? Nesi au klinik ofisa. Mwenye ploti anapata nini kwa kuuza maji? Mtu wa uchumi, hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza. Mpangaji akilalamika kuhusu choo nini kinampata? Hapo unahitaji mtu wa sheria au wa sosholojia, na mama mmoja aliyewahi kufukuzwa nyumba.

Watu wenyewe wako karibu kuliko unavyofikiria. Maseno wako hapo barabara ya Busia, Bondo kuna Jaramogi Oginga Odinga, Kakamega kuna Masinde Muliro, Njoro kuna Egerton. KEMRI, wale wa utafiti wa tiba, wana kituo Kisian, na mambo ya ziwa kuna watu wa KMFRI, wale wa utafiti wa bahari na uvuvi. Usianze na barua kwa vaisi chansela. Tafuta mhadhiri kijana au mwanafunzi wa masters anayetafuta mradi, mpe swali lake moja, mwonyeshe kwamba njia ya kuingia mtaani umeshamfungulia. Wengi wanakubali, manake hiyo njia ndiyo inawasumbua.

Watu watano mpaka wanane wanatosha. Wakipita hapo wanaanza kutoa hotuba.

Na usimdharau mtu asiye na cheti. Mwaka 1854 huko London, mtaa wa Soho, kipindupindu kiliua mamia ya watu. Daktari John Snow alishuku maji ya pampu ya Broad Street. Kasisi wa pale, Henry Whitehead, hakumwamini, akaamua kuzunguka nyumba kwa nyumba ili amkosoe. Kwa sababu aliwajua watu wa mtaa wake, ndiye aliyefikia mama aliyekuwa ameosha nepi za mtoto mgonjwa na kumwaga maji kwenye shimo la choo lililokuwa hatua chache tu kutoka kisima cha hiyo pampu. Daktari alikuwa na wazo na ramani, kasisi alikuwa na milango iliyo wazi, na kila mmoja alibadilisha kazi ya mwenzake. Ukikumbuka ploti zetu utaona kwa nini hiyo habari naipenda.

Hatua ya 4: Kikao cha kwanza, chora pamoja

Hakuna pawapointi. Tandika manila pepa mezani, andika ile sentensi ya hatua ya 1 katikati, alafu kila mtu achore kile anaona kinaisukuma, na mishale. Mwenyeji aanze, mtaalamu wa mwisho. Ukianza na profesa, mama wa kisima hatasema kitu tena siku hiyo, atasema tu "ni hivyo tu vile daktari amesema" na umepoteza nusu ya ujuzi uliokuwa chumbani.

Fuatilia mishale inayotoka nje ya fani ya mtu. Gugumaji ni somo zuri hapa. Miaka ya 90 lilifunga Ghuba ya Winam, hapa Ziwa Victoria, mpaka boti zikashindwa kutoka. Mwaka 1997 wale mbawakavu wanaokula gugu waliachiliwa upande wa Kenya, na kufikia mwisho wa muongo gugu lilikuwa limepungua sana, kazi nzuri ya watu wa wadudu, ingawa hata mvua za El Niño zilisaidia. Lakini mbolea na udongo kutoka mashambani na maji taka ya miji viliendelea kuingia ziwani, na baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006 likarudi kwa nguvu. Mshale wa shamba na wa maji taka haukuwa wa mtu wa wadudu. Kwa mchoro wenu tafuteni mshale kama huo usio na mwenyewe, mkiupata tafuteni mtu wake kabla ya kikao cha pili.

Piga picha hiyo karatasi na uitume kwa grupu ya WhatsApp siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kila mtu swali moja, tarehe moja, na jina la anayemsubiri

Andika hivi kwa daftari: nesi, kesi za kuharisha mwezi kwa mwezi, kufikia tarehe fulani, anayesubiri ni injinia kwa sababu anataka kujua ploti zipi zianze. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo watu wanaruka. Kama hakuna anayesubiri jibu la mtu, ama swali lake halihitajiki ama hamjaelewana bado, ongeeni tena.

Takwimu zikiwa kwa ofisi ya serikali na mnazungushwa, andikeni barua. Kipengele cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inataka ujibiwe ndani ya siku 21. Andika kwa adabu, taja sheria, baki na kopi yenye stempu ya kupokelewa.

Hatua ya 6: Kusanyeni data wawili wawili, fani tofauti

Mpeleke mtu wa maabara pamoja na CHP. Mtu wa uchumi na fundi wa vyoo. Fundi atamwambia mchumi vitu ambavyo hakuna dodoso lingeuliza, kama vile choo kikijaa wengine wanachimba kingine hapo pembeni kwa sababu gari la kunyonya haliwezi kuingia kwa hiyo njia.

Sampuli za maji: chupa safi kutoka maabara, kwa kuleboksi (sanduku la baridi) yenye barafu, zifike maabara ndani ya masaa sita ikiwezekana na zisipite 24. Mnatafuta E. coli, bakteria wanaoonyesha kinyesi kimeingia majini. Maji ya kunywa hayafai kuwa na hata mmoja kwa mililita 100. Chukua sampuli kisimani na pia kwenye mtungi ndani ya nyumba, manake mara nyingi maji safi ya mfereji yanachafukia kwa mtungi na kikombe, na hilo likitokea mpango wote unageuka.

Onyo, na hili usilichukulie rahisi. Majina ya wagonjwa, namba za simu na picha za watoto ni mali ya wenyewe, kuna sheria ya kulinda data ya 2019. Omba ruhusa, andika namba ya nyumba badala ya jina. Na kama kuna mwanachuo anataka kuandika utafiti kutoka kwa hiyo kazi, lazima apate leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, na idhini ya kamati ya maadili kabla ya kuanza, si baada.

Hatua ya 7: Kikao cha kugongana

Hiki ndicho kikao muhimu kuliko vyote, kipe siku nzima. Leteni majibu yote na mtafute mahali hayapatani. Mkikubaliana kila kitu asubuhi, kuna mtu amenyamaza.

Wacha nikuonyeshe vile inaenda. Mtu wa afya anasema choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisima, na sakafu ya shimo iwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Sawa, hiyo ndiyo kanuni inayojulikana. Mtu wa ramani anasema ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30, kona kwa kona hufikishi hata mita 35, alafu nyuma ya ukuta kuna choo cha jirani. Kanuni haiwezi kutimia ndani ya ploti moja. Injinia anasema basi tufunge visima. Mchumi anaonyesha kwamba visima vikifungwa mpangaji atalipa zaidi kwa kila mtungi na mwenye ploti atapoteza mapato, hivyo atafungua usiku. Ndio mama mpangaji anasema kitu kifupi: maji ya kisima ni ya kufua na kuosha vyombo, ya kunywa tunanunua ya mfereji, lakini pesa ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi tunakunywa ya kisima.

Hapo mpango umebadilika mbele ya macho yenu. Mnaacha kuwaza ploti moja moja, mnawaza mstari mzima wa ploti. Kisima kinabaki cha kufua. Dawa ya maji inawekwa pale watu wanapoteka, na kwa nguvu zaidi wiki za mwisho wa mwezi. Choo kinainuliwa, shimo linajengewa ndani liweze kunyonywa, na mahali pa gari kusimama panatafutwa kabla ya jiwe la kwanza. Mwenye ploti anapata kioski cha maji ya bomba ili asipoteze mapato. Hakuna mtu mmoja pale angeleta hiyo yote peke yake.

Msipige kura kuamua ukweli. Kura ni ya kuamua nini kianze. Kama injinia na nesi hawapatani kuhusu maji yanapita wapi, nendeni mkapime tena.

Hatua ya 8: Jaribu kidogo kwanza

Mstari mmoja wa ploti, msimu wa mvua mmoja. Pima kabla, pima baada, na upime pia mstari wa jirani ambao hamjaugusa, la sivyo mtasifu kazi yenu kumbe ni mvua tu ilikuwa kidogo.

Acheni nafasi ya kuona msichotafuta. Kule Mbita, watu wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, pamoja na wanakemia wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza na wakulima wenyewe walikuwa wanatafuta njia ya kufukuza viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Wakapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Viwavi walipungua, lakini wakagundua pia desmodiamu inazuia kayongo, na ng'ombe wanaila. Wakulima wengi waliipenda kwa hayo mawili ya mwisho. Mtu wa wadudu peke yake angehesabu viwavi arudi nyumbani.

Hatua ya 9: Peleka kaunti kwa wakati

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na mwaka wa fedha unaanza Julai. Ukileta karatasi yako Novemba umekosa basi la mwaka huo. Andikeni memoranda ya kurasa mbili, moja ikiwa ile picha ya mchoro na namba chache, mpeleke kwa MCA (mwakilishi wa wadi bunge la kaunti) na kwa msimamizi wa wadi, alafu mwende kikao cha maoni ya umma mkiwa wengi. Mwenyeji ndiye aongee, wataalamu wakae nyuma wajibu maswali.

Kabla ya hiyo yote, rudisha majibu kwa wenye mtaa, kwa baraza, kwa Kiswahili na Dholuo. Mama aliyetoa maji ya mtungi wake yapimwe ana haki ya kujua yalikuwa na nini kabla MCA hajajua.

Ikikwama

*Mtaalamu mmoja amechukua timu yote.* Badilisha mwenyekiti kila kikao, na umpe yeye kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao kinachofuata. Akiandika analazimika kusikiliza.

*Watu wanagombania posho.* Andikeni kiwango kimoja cha nauli na chakula kwa wote, profesa na mama wa kisima sawa, na msomewe hesabu kila kikao. Asiyekubali mwacheni aende mapema.

*Dona anataka choo tu, hataki haya mengine.* Mwonyeshe karatasi ya hatua ya 7. Akikataa bado, chukua pesa ya choo ikiwa tu choo kiko kwa mpango wenu na pale mlipochagua. Kama anataka kujenga mahali pengine kwa sababu ya picha, kataeni. Ni ngumu lakini choo kibaya juu ya maji ya ardhini kinabaki hapo miaka.

*Mwenye ploti hataki hata kuongea.* Usimtumie chifu kumtisha. Mtafutie mwenye ploti mwenzake aliyekubali, wakae wawili waongee pesa. Peleka hesabu ya kioski, usipeleke mawaidha.

*Majibu ya maabara yanapingana na ya zahanati.* Angalia tarehe kwanza. Mara nyingi sampuli zilichukuliwa kiangazi na kesi ni za mvua. Kama tarehe zinalingana, angalia watoto wanaoharisha wanakunywa wapi mchana, inaweza kuwa ni maji ya shule na kisima chenu hakina hatia.

*Vikao vitatu vimepita na watu wamepungua.* Fungua daftari la hatua ya 5 uone ni nani hakuwa na mtu anayemsubiri. Huyo ndiye ameacha kuja. Mpigie simu, mpe swali ambalo kuna mtu analingoja, ama mshukuru na umwachilie. Ukibaki na wanne ambao majibu yao yanashikana, endelea nao, mvua zikianza Machi mnaweza kuwa tayari na chupa za sampuli.